Kipigo cha utotoni kilinifuata hadi kwenye ndoa

Mhariri,

Mke wangu akiangusha mfuniko wa sufuria, mkono wangu unapanda wenyewe kukinga uso. Nina miaka 41. Baba alinichapa kwa mkanda karibu kila jioni, nami ukubwani kila ugomvi nikaujibu kwa kununa siku tatu.

Mwaka jana nilianza kuonana na mshauri nasaha. Kikao cha nne ndipo nikalia. Siku hizi naweza kumwambia mke wangu, "Nimeogopa," badala ya kubamiza mlango na kuondoka.

Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa karibu vijana watatu kati ya wanne nchini walifanyiwa ukatili wa kimwili utotoni. Leo wengi wao ni wazazi. Naiomba serikali ipeleke washauri nasaha kwenye vituo vya afya vya kata.

Msomaji wako,
Morogoro