Barua kwa mwanangu: wachimbaji waliopigana chini ya ardhi

Mwanangu Neema,

Nakusalimu kwa upendo. Mama yako hajambo, wadogo zako nao wazima, na mvua imenyesha vizuri. Juzi kwenye simu uliniuliza kama ni kweli kuna wachimbaji waliofanywa askari. Salio liliniishia kabla sijakujibu. Wewe unasomea uhandisi wa migodi na mimi nimekula umri wangu kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Geita, kwa hiyo watu hawa nawahesabu kuwa wetu.

Ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi yalikwama kwenye mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa, hakuna wa kusonga mbele, ndipo wakaanza kuchimba njia chini kwa chini ili walipuane kutoka chini. Februari 1915 Waingereza waliunda vikosi maalumu vya uchimbaji. Mhandisi John Norton-Griffiths aliwafuata mafundi waliokuwa wakichimba njia za majitaka Manchester, na muda mfupi baadaye walikuwa vitani. Wengi wengine walitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe.

Sikiliza walivyochimba, maana hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mtu aliegemea ubao uliosimikwa mshazari, uso ukielekea ukuta wa udongo, akasukuma koleo jembamba kwa nyayo za miguu yote miwili. Udongo wa mfinyanzi ulimeguka bila kishindo. Mwenzake aliupokea na kuujaza guniani, wa tatu akauvuta nje. Sururu ingewaumbua. Hata matimba, zile mbao za kushikilia njia isianguke, hawakuyapigilia misumari. Waliyapachika, udongo ukavimba ukayabana wenyewe. Na ule udongo wa buluu wa chini kabisa ilibidi ufichwe ukifika juu, kwa sababu rubani wa adui akiuona angejua wamefika kina gani.

Nusu ya kazi ilikuwa kusikiliza. Walikuwa na chombo kinachoitwa jiofoni, kama kile cha daktari cha kusikilizia kifua, kikiwekwa chini kinanasa hatua na mikwaruzo ya upande wa pili. Wajerumani nao walikuwa wanawasikiliza wao. Aliyemgundua mwenzake kwanza alitega baruti ya kuangusha njia ile na waliomo. Kisha ile hewa ya sumu inayobaki baada ya mlipuko, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Walishuka na ndege wadogo na panya ili wawatahadharishe.

Tarehe 7 Juni 1917, saa tisa na dakika kumi usiku, walilipua mabomu 19 chini ya kilima cha Messines, Ubelgiji, kazi ya zaidi ya mwaka mzima. Wajerumani wengi walikufa. Kama fundi naweza kuisifu kazi ile. Kama mtu aliyewahi kusubiri wenzake watolewe kwenye kifusi, siwezi kuifurahia.

Ninayetaka umjue zaidi ni William Hackett, mchimbaji wa makaa wa Uingereza mwenye umri wa miaka arobaini na kitu. Jeshi la miguu lilikuwa limemkataa zaidi ya mara moja. Juni 1916, karibu na Givenchy, Ufaransa, bomu la Wajerumani liliwafukia yeye na wenzake wanne. Baada ya saa 20 waokoaji walipata upenyo. Hackett aliwasaidia watatu kutoka. Wa nne, kijana Thomas Collins, alikuwa ameumia vibaya. Hackett angeweza kutoka pia. Akasema yeye ni mchimbaji, lazima awaangalie wenzake kwanza. Upenyo ukazidi kuwa mdogo, bado akakataa. Mwishowe njia ikaporomoka. Waokoaji walichimba siku nne bila kuwafikia, na hadi leo wote wawili wamelala mle ndani. Walimpa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, naye aliipata kwa kukataa kumwacha mwenzake.

Naamini alitenda vile kwa desturi ya mgodini, si ya jeshini. Nimewajua wanaume wa namna hiyo, wala hakuna aliyewapa nishani.

Ukienda mafunzo kwa vitendo, siku ya kwanza uliza kikosi cha uokoaji kinakaa wapi na hewa safi inaingilia wapi. Halafu nipigie uniambie walivyokujibu.

Baba yako