Ukarabati wa shule kongwe uanzie juu

Mhariri,

Kila inapopatikana fedha ya kufufua shule kongwe iliyotelekezwa, ili iwe maktaba ya mtaa au ukumbi wa mikutano, vitu vya kwanza kununuliwa ni saruji na rangi. Baada ya misimu miwili ya mvua lipu inavimba, rangi inabanduka kama magamba, na lawama zinamwangukia fundi. Kosa lilifanyika mapema, siku ilipoandikwa orodha ya manunuzi.

Jengo lililovuja miaka mingi limenywesha kuta zake maji. Kwa hiyo paa ndilo la kwanza, na kwenye paa tazama zaidi ncha za kenchi pale zinapokalia ukuta, kwa kuwa ndipo maji hutuama na mchwa huingilia. Chomeka bisibisi: ikizama bila kubishana, mbao imekufa. Si lazima kubadilisha kenchi nzima. Kata mpaka ufike kwenye mti mzima, unga kipande kipya kwa mshazari, kaza kwa bolti, na uache uwazi kidogo kuzunguka ncha hiyo ili ipate hewa. Paa likiwa la asbesto, msumeno na nyundo vikae mbali. Vumbi lake huua mapafu polepole. Waitwe wenye kibali cha kazi hiyo, waloweshe, walegeze bolti, washushe bamba likiwa zima na kulifunga kwenye nailoni.

Gata ziinamishwe angalau sentimita 1 kwa kila mita 3, na maji yapelekwe mbali na msingi. Mara nyingi udongo wa nje umepanda kwa miaka hadi ukaipita sakafu ya ndani. Uchimbwe hadi uwe kama sentimita 15 chini yake. Ni kazi ya majembe tu, lakini hukausha ukuta kuliko dawa nyingi za unyevu zinazouzwa madukani. Halafu subira. Kwa makadirio ya mafundi, ukuta uliolowa hukauka kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, hivyo ukuta wa sentimita 45 unaweza kuchukua mwaka na nusu. Wafadhili hawapendi kulisikia hili.

Sasa saruji. Shule nyingi za zamani zilijengwa kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga, ambao ni laini na hupitisha mvuke. Ukizipiga lipu ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea: unapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na uso wa tofali unageuka unga. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole. Pale unapoitika kama mtungi mtupu, lipu imeshaachana na ukuta. Ibandue kwa tindo kuanzia hapo. Lakini ikianza kung'oka pamoja na uso wa tofali, acha. Lipu mbaya iliyoshika ina madhara madogo kuliko ukuta uliochunwa.

Lipu ya kurudishia ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga 3, kwa ujazo. Mchanga uwe mkali, wenye chembe za kona kona, kubwa na ndogo, usiwe wa baharini. Anayezima chokaa mwenyewe atie mawe ya chokaa yaliyochomwa ndani ya maji kidogo kidogo. Akimwagia maji juu ya rundo litachemka na kumrukia, na miwani ya kukinga macho si mapambo. Uji wake ukikaa miezi 3 ndipo unakuwa mororo. Paka tabaka lisilozidi milimita 10, likwaruze, subiri likaze, ndipo ulifuatishe jingine. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, na huivuta ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua siku ya kwanza hubaki vumbi, kwa hiyo tundika magunia mabichi mbele yake na uyanyunyizie siku kadhaa. Juu yake pakwe chokaa, si rangi ya plastiki, la sivyo tumerudi tulikotoka.

Rangi za zamani kwenye milango na madirisha zinaweza kuwa na madini ya risasi: zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa, zisichomwe wala kupigwa msasa mkavu.

Matumizi mapya nayo yapigiwe hesabu kabla ya sherehe. Sakafu ya darasa la ghorofani kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 300 kwa mita ya mraba. Ukumbi wa watu waliosimama unahitaji kama 500, na chumba cha rafu za vitabu kilo 650 au zaidi. Vitabu vikae chini, wasomaji wapande. Milango ya ukumbi ifunguke kwa nje, na njia ya kiti cha magurudumu ipande sentimita 1 kwa kila 12.

Picha za uzinduzi magazetini hupigwa mlangoni, penye rangi mbichi. Mhariri, mpiga picha wako aombe ngazi, atupigie na gata.

Mafundi wa majengo ya kale