Dada, kipimo cha mkononi hakioni presha ya mapafu

Shikamoo dada.

Jina lako silitaji, wala kijiji, ingawa wewe mwenyewe ulishasimama kanisani ukasema unaishi na virusi vya Ukimwi, wakati wengi huku Rungwe walikuwa bado wananong'ona. Naandika hapa kwa sababu nikikupigia simu unaniuliza habari za watoto mpaka salio linakwisha. Najua pia wako wengine wanaohema kama wewe na kunyamaza kama wewe.

Siku ya mazishi ya baba mdogo nilikuwa nyuma yako tukitoka barabarani kwenda kwa mama. Kilima kile ulikuwa unakipanda na mkungu wa ndizi kichwani huku unapiga soga. Safari hii ulisimama mara tatu. Mara ya pili uliinama ukajifanya unatengeneza kandambili, mkono mmoja kifuani. Usiku ulipozivua, nikaona mkanda umeacha alama iliyozama mguuni. Ukaniambia ni umri. Una miaka 44, dada!

Pale ulipokwenda kutibiwa walikufunga kile kitambaa cha mkononi, wakasema presha iko sawa, wakakupa dawa ya pumu ya kuvuta. Pumu hujawahi kuwa nayo, na miezi minne ya kuvuta ile dawa haijakusaidia chochote. Nimefanya kazi ya uuguzi CTC, kliniki ya watu wanaoishi na virusi, hapa Mbeya miaka 11, ndiyo maana hilo linanikosesha usingizi.

Damu ina safari mbili. Upande wa kushoto wa moyo unaisukuma mwili mzima, na nguvu hiyo ndiyo inayopimwa mkononi. Upande wa kulia unaipeleka mapafuni tu, pale jirani, kwa nguvu ndogo sana. Kwa mtu mzima aliyepumzika, wastani wa presha ya huko ni kama milimita 14 za zebaki. Ikipita 20, ni ugonjwa, ndiyo hiyo presha ya mapafu. Kwa hiyo mkono unaweza kusoma vizuri kabisa huku mapafuni mambo yameharibika.

Na virusi vinahusika, hata kama wengi hawajawahi kuambiwa. Vinatoa protini zinazozunguka kwenye damu na kuchokoza ngozi laini ya ndani ya mishipa. Ngozi hiyo ikichokozwa muda mrefu hupunguza kutengeneza vitu vinavyolegeza mshipa, na huzidisha vile vinavyoubana. Ukuta unanenepa, njia inakuwa nyembamba, mishipa mingine midogo inaziba kabisa. Sasa ule upande wa kulia wa moyo ni kama mtu aliyezoea tambarare ya Usangu, halafu unamtwika gunia apande mlima Rungwe kila siku. Mwanzoni anatunisha misuli. Baadaye anatanuka, anachoka, na damu inarudi nyuma: miguu inavimba, tumbo linajaa, mtu anaona kizunguzungu au anaanguka akipanda.

Si ugonjwa wa wengi. Ufaransa walichunguza maelfu ya watu wanaoishi na virusi wakapata takriban 5 katika kila 1,000. Lakini kwa asiye na virusi ni adimu zaidi kwa mbali. Tena hausubiri CD4, zile chembe za kinga ya mwili, zishuke. Wewe kadi yako inasoma virusi havionekani, nami najivunia hilo, ila haitoshi kukuondoa kwenye hesabu. Na ulishaugua kifua kikuu, ambacho nacho huacha makovu yanayoziba mishipa ya mapafu. Moshi wa kuni za jikoni kwa mama nao haukusaidii.

Sisemi kwamba ndio huo. Inaweza kuwa upungufu wa damu, kifua kikuu kilichorudi, au misuli ya moyo yenyewe. Nasema tuhakikishe. Kipimo cha kwanza ni eko, ile ultrasaundi ya moyo: haichomi, haiumi, wanapaka mafuta kifuani na kuangalia kwenye skrini. Ikionyesha upande wa kulia umeelemewa, cha kuthibitisha ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni. Ikibidi tutakwenda mpaka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nauli tutachanga, nimeshaongea na kaka.

Mawili nakuomba sana. Usiache dawa za kufubaza virusi hata siku moja ukidhani ndizo zinazokubana kifua. Na usikubali mtu akuuzie dawa ya presha ya mapafu dukani. Mojawapo ya zinazotumika ni sildenafili, ambayo mtaani wanaume wanainunua kwa shughuli nyingine. Wewe uko mstari wa pili, zile dawa za virusi anazohamishiwa mtu za kwanza zikishindwa, na dawa zako zina ritonaviri, na ritonaviri inazuia ini lisiivunje sildenafili; inajazana kwenye damu na presha ya mwili inaweza kuporomoka. Daktari lazima azione zote pamoja kabla ya kuandika kitu. Na lile la kumtafutia mtoto wako wa mwisho mwenzake, tafadhali lisubiri majibu. Mimba juu ya ugonjwa huu huua.

Alhamisi nakuja na Coaster ya kwanza. Weka kwenye mfuko kadi ya kliniki, vikopo vyote vya dawa, na ile ya kuvuta pia. Usiteremke barabarani kunipokea. Nitapanda mwenyewe nikufuate, na kijana wa bodaboda nimeshamwambia atakushusha taratibu.

Mdogo wako