Uholanzi sio Amsterdam tu jamani

Ndugu Mhariri,

Kila mkiandika habari za Uholanzi ni Amsterdam na maua basi. Mimi nakaa Haarlem, mji wa jirani na Amsterdam, naomba nafasi kidogo niwaambie wazazi wanaokuja kutembelea watoto wao huku. Pandeni treni ya kwenda Zandvoort, mshuke Overveen, afu kwa mguu mpaka Elswout, lile ni shamba la kifahari la matajiri wa Amsterdam toka karne ya 17, lina jumba, madaraja na miti mizee ambayo mtu mmoja hawezi kuikumbatia akaimaliza, na ukiendelea kuelekea baharini miti inapungua taratibu, udongo unageuka mchanga, mara uko katikati ya vilima vya mchanga vya Zuid-Kennemerland. Kule Kraansvlak, sehemu ya vilima hivyo, kuna nyati wa Ulaya, waliletwa 2007!

Kusini kidogo ndo vilima vinavyochuja maji ya kunywa ya Amsterdam toka 1853. Huko unaruhusiwa hata kutoka nje ya njia, paa wamejaa tele, ila mbwa marufuku.

Mama yangu alivyokuja alishangaa sana, watu wazima wanatembea masaa matatu hawaendi popote? Siku ya nne yeye ndo ananiamsha twende.

Shida yake vibao vingi ni Kiholanzi, mgeni anabaki anakodoa macho. Kwa hiyo naomba ukurasa wenu wa diaspora uweke hata ramani moja ndogo yenye maelezo ya Kiswahili, mimi niko tayari kusaidia kutafsiri.

Msomaji wenu,
Haarlem