Kabla hujaisingizia mita

Shoga yangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeipata. Umeme wa shilingi 10,000 ulikuwa unafika wiki mbili, sasa siku nane umekata, na jirani wa ukuta mmoja kwa pesa hiyohiyo anapata uniti karibu mara tatu. Wewe na wapangaji wenzako mmeshakubaliana kwamba mita ni mwizi. Subirini kwanza.

Tuanze na jirani. Yeye yuko tarifu ya watumiaji wadogo, D1: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti ni 350. Ninyi mko T1, tarifu ya watumiaji wa kawaida: 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji), ndiyo maana 10,000 yenu inaleta uniti kama 28. Na ukinunua kwa mara ya kwanza katika mwezi, inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, unabaki na 24 hivi. Ukiruka mwezi bila kununua, deni linakusubiri. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, shoga, siyo ya mpangaji. Tunza risiti na muombe aitoe kwenye kodi ya chumba.

Usikimbilie kuomba D1, lakini. Wapangaji wanne kwenye mita moja, friji mbili na pasi tatu, uniti 75 mtazivuka kabla mwezi haujaisha.

Sasa mita yenyewe. Utaona kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake maandishi kama 1000 imp/kWh. Maana yake kikipepesa mara 1,000 umetumia uniti moja. Waombe wenzako wazime kila kitu na kuchomoa plagi, kisha kaa na saa ya simu kwa dakika 6. Kikipepesa wakati hakuna kitu kinachotumia umeme, kuna waya unaovujisha au umeunganishwa kwa mtu mwingine, na hapo umuite fundi umeme mwenye leseni, siyo kijana wa mtaani mwenye bisibisi. Kikitulia, mita haihesabu umeme ambao hamjatumia. Chomeka friji peke yake, ngoja ingurume, hesabu tena dakika 6, zidisha kwa 10: hizo ndizo wati zake. Mipepeso 12 ni wati 120. (Kama mita imeandikwa 1600, jibu ligawe kwa 1.6.)

Kwa friji ndiko ninakokutilia shaka zaidi. Friji ya wati 120 ikinguruma nusu ya siku na kupumzika nusu, inakula uniti 43 kwa mwezi, kama shilingi 15,000. Isipopumzika kabisa ni uniti 86, zaidi ya 30,000. Kwa hiyo sikiliza: inanyamaza? Kama hainyamazi, bana noti kwenye mlango na uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umekwisha. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, maana mara nyingi ni mafuta na uchafu tu. Ukiwa umepinda au kupasuka, badilisha. Barafu ikishakuwa nene kama kidole, iyeyushe, na usiichokonoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi na friji itakufa. Isogeze mbali na ukuta kiganja kizima ili joto la nyuma litoke. Na sufuria ya moto isiingie humo, hata kama wageni wako mlangoni.

Kuhusu kurudi kwenye mkaa kwa ajili ya maharage, hapo tutagombana. Mkaa wa kopo unaonekana rahisi kwa sababu unaununua kidogokidogo, na kwa kilo ni ghali kuliko wa gunia. Maharage makavu yanakaa jikoni saa mbili na zaidi. Loweka nusu kilo usiku kucha, mwaga maji yale, weka kwenye jiko la umeme la presha la lita 6, maji yapande juu ya maharage vidole viwili, dakika 30 hadi 35. Jiko linaandikwa wati 1,000, lakini likishapata presha linakata na kuwaka kwa vipindi, kwa hiyo chungu kizima kinakula chini ya nusu uniti. Usijaze zaidi ya nusu: povu la maharage huziba tundu la mvuke. Mvuke ukitoka pembeni bila kukoma, mpira wa mfuniko haujakaa kwenye mfereji wake. Na lichomeke ukutani, siyo kwenye ekstensheni nyembamba inayowasha na pasi.

Gesi iachie chai, mayai, mboga na kuunga. Ukienda kujaza mtungi wa kilo 6, sema upimwe mbele yako: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, ongeza 6, ndipo mizani inapotakiwa kusimama. Moto ukiwa wa njano na sufuria zikipiga masizi, jiko limeziba, unachoma pesa bila joto. Safisha kwa brashi matundu ya kichomeo, pale moto unapotokea.

Ukishahesabu, niandikie mipepeso ya friji, na unitajie kama inanyamaza usiku.

Wako wa siku zote,
Shoga yako wa Dar