Majani ya Kigiriki kwenye nguzo zetu Mwanza

Mhariri, naomba kanafasi. Ukipita Capri Point au Buswelu siku hizi utakuta nyumba kibao zina nguzo za plasta zenye majani yamejikunja pale juu, na wengi hawajui kwamba yale ni majani ya mmea wa kweli kabisa, akanthasi, unaota porini huko Ugiriki.

Ila Wagiriki hawakulikopi jani lilivyo. Walilinyoosha, upande wa kulia ukafanana na wa kushoto, ncha ikainamishwa mbele, meno ya pembeni yakapangwa sawasawa, halafu vikonyo vikageuzwa mizunguko kama konokono inayobeba pembe za juu, yaani jani linaonekana kama ndo linashikilia paa! Nguzo ya zamani zaidi ya aina hiyo inayojulikana ilikuwa ndani ya hekalu la mungu wao Apollo kule Bassae, Ugiriki, karne ya 5 kabla ya Kristo. Hata yungiyungi, lile ua la majini, walilichukua kwenye michoro ya Misri, wakalipanga kwa zamu na jani la mfano wa feni, mstari mzima ukutani.

Sasa sisi tuna ziwa, yungiyungi lipo, mafunjo yapo tele na kile kichwa chake chenye nyuzi kinajipanga chenyewe kuwa feni, mbona mafundi wetu wanarudia moldi ileile? Nawaomba walimu wa sanaa na mafundi plasta wachore mafunjo, wayanyooshe, watengeneze moldi yake, na gazeti litoe picha za watakaojaribu.

Msomaji, Nyegezi, Mwanza