Kabla Hujaongeza Gesi, Tazama Friji Imesimama Wapi

Kila kaskazi inapoingia, karakana yetu hapa Ngamiani, Tanga, hupokea malalamiko ya aina moja: friji inanguruma mchana kutwa, maji hayapoi, na mwenye nyumba ameshaamua kwamba gesi imekwisha. Mara nyingi gesi ipo. Kilichopungua ni tofauti ya joto kati ya mabomba ya nyuma ya friji na hewa inayoyazunguka, nasi tungependa kulieleza jambo hili, kwa sababu mteja anayelielewa hapotezi fedha yake bure.

Joto huenda lenyewe kutoka kwenye kitu cha moto zaidi kuelekea kilichopoa zaidi, wala haliachi mpaka viwili hivyo vilingane. Kadiri tofauti yao inavyokuwa kubwa, ndivyo linavyohama kwa kasi. Chai iliyomiminwa sasa hivi hupoa upesi dakika za mwanzo, kisha ikakawia katika uvuguvugu, ingawa kikombe ni kilekile na hewa ni ileile. Friji, basi, haitii baridi ndani ya chakula, bali hutoa joto lililomo na kwenda kulimwaga nje.

Tuchukue friji yenye nyuzi 4 ndani. Usiku wa kipupwe, chumba kikiwa na nyuzi 24, tofauti ni nyuzi 20. Mchana wa kaskazi, chumba kikifika nyuzi 32, tofauti inakuwa 28, na joto linalopenya kutani mwake huongezeka kwa asilimia 40 hivi, hata kama mlango haukufunguliwa.

Shida kubwa zaidi iko nyuma. Mabomba membamba yaliyo mgongoni mwa friji hayawezi kumwaga joto isipokuwa yenyewe yawe na joto kuliko hewa inayoyazunguka. Yakiwa na nyuzi 45 na hewa ikiwa na 32, pana nafasi ya nyuzi 13. Ukiisukuma friji ikagusa ukuta, hewa iliyobanwa pale ikapanda hadi nyuzi 40, nafasi inabaki nyuzi 5 tu. Kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ndani ya friji, italazimika kuyapandisha mabomba joto zaidi, na mzigo huo utauona kwenye luku.

Mteja wetu mmoja wa Chumbageni alikuwa ameshaambiwa na fundi mwingine kwamba ni lazima aongeze gesi. Tulikuta friji yake imebanwa kati ya kabati na ukuta, mabomba yamefunikwa na vumbi zito lililoshikana na mafuta ya jikoni. Tulilisafisha kwa brashi, tukaivuta friji shubiri moja kutoka ukutani, na kesho yake maji yalikuwa baridi. Tulipokea nauli na ujira wa usafi, na tunaamini ndivyo inavyopasa.

Vivyo hivyo, sufuria ya wali wa moto iacheni ipoe kwanza, kwani ikiingia ikiwa ya moto, joto lake litahamia kwenye maziwa yaliyo jirani kabla kompresa haijawahi kulitoa.

Kabla ya kutuita, ivuteni friji, isafisheni, muiache ifanye kazi siku nzima, kisha muyaguse mabomba kwa nje ya kiganja. Kwa friji ambazo mabomba yamefichwa, gusa ubavu wake. Yakiwa na joto, friji inafanya kazi yake. Yasipopata joto ilhali kompresa inanguruma bila kupumzika na ndani hakupoi, hapo huenda gesi imevuja kweli, nasi tutakuja kwanza kutafuta palipotoboka, ndipo tujaze.